Filamu Safi Si Kibali cha Kukimbia

Wenzangu wa chumba cha picha, nimekabidhi funguo, aproni ya risasi inayokinga mionzi, na kile kiti kibovu ambacho kila mwaka tuliandika kwamba kinahitaji fundi. Mmeniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini, maana habari hiyo ni fupi na wengi wenu mnaijua. Nitaeleza habari za miguu. Vifua vilikuwa vingi zaidi mezani kwangu, lakini miguu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Nilifika hospitalini Gisenyi, mji wa kando ya ziwa unaopakana na Goma, nikiwa na cheti cha Tanzania, Kiswahili cha Karagwe nilikozaliwa, na viatu vyenye visigino. Viatu ndivyo vilivyoonekana kwanza. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Faustin, mtu mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliyejifunza kupiga eksirei pande zote mbili za mpaka. Aliniangalia kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Mama, hapa utasimama mpaka saa kumi. Kesho leta sandali." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kuanza kazi. Kisha akanisukumia chumba cha giza.

Ninyi mliokuta kompyuta hamkujua chumba cha giza, na siwasikitikii kwa hilo. Filamu iliingia katika dawa ya kwanza, ikasuuzwa kwa maji, ikaingia dawa ya pili, ikasuuzwa tena, ikatundikwa ikauke kama shati. Mzee Faustin aliitambua dawa iliyochoka kwa kuinusa, jambo ambalo siwashauri. Wiki nzima aliniacha humo. Nilipotoka, nilidhani sasa nitafundishwa mashine. Akanifundisha kidole gumba.

Mgonjwa alikuja na karatasi ya daktari iliyoandikwa "mguu, maumivu". Mimi ningeulaza mguu mezani na kupiga. Mzee Faustin alichuchumaa kwanza. Alipapasa mfupa baada ya mfupa kwa kidole gumba, polepole, huku akitazama uso wa mgonjwa badala ya mguu. Mgonjwa aliporuka, alichukua kibanio cha karatasi, kile cha waya cha ofisini, akakibandika kwa plasta juu ya ngozi mahali hapo. Ndipo akapiga. Kwenye filamu kibanio kiling'aa cheupe, na daktari alijua pa kutazama.

"Karatasi inasema mguu," aliniambia kwa Kiswahili cha mpakani, ambamo "njo" ni "ndiyo" au "ndiye". "Mguu ni mukubwa. Mugonjwa njo anajua kwenye inauma, lakini hawamuulizangi."

Vibanio vya ofisi ya katibu wa hospitali vilipungua miaka yote hiyo bila maelezo. Haya ndiyo maelezo.

Wakimbiaji walianza kuja kwa wingi barabara ya kando ya ziwa ilipotiwa lami. Asubuhi ungewaona wakitoka karibu na mpaka, wanapita mjini, wanakwenda Rubona hadi kiwanda cha bia na kurudi. Wale wanaotaka mapafu makubwa walipanda njia za juu, zenye mawe meusi ya volkano, makali kama meno. Walikuja kwetu wakisema mguu unauma juu ya wayo, na hawakuwa wameanguka wala kuteguka. Maumivu yalianza mwisho wa mbio, kisha yakaanza katikati, kisha yakawangojea mlangoni.

Mnaijua sababu, lakini nitaiandika kwa namna ninavyowaeleza wagonjwa. Mfupa huchoka kidogo kwa kila hatua, na mtu akipumzika hujirekebisha. Mtu akiongeza mbio ghafla, hatua hulitangulia rekebisho, na ufa mwembamba huanza. Wiki za kwanza ufa huo ni mwembamba kuliko uwezo wa filamu zetu. Baada ya wiki mbili au tatu mwili huzungushia mahali hapo mfupa mpya, na huo ndio tunaouona, kama ukungu mweupe. Mara nyingi, basi, eksirei huona ukarabati. Uharibifu wenyewe ilishaupita bila kuuona.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Hata hivyo alikuja Innocent, mwalimu wa shule ya msingi, mkimbiaji mzuri, anaumwa upande wa nje wa wayo. Nilipapasa, nikabandika kibanio, nikapiga. Filamu ilikuwa safi. Akaniuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba hakuna kitu, nikampa filamu yake katika bahasha, nikaita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu. Hilo ni kweli, na wala si kisingizio.

Alirudi baada ya siku kumi na moja akiwa amebebwa. Mfupa ulikuwa umekatika vipande viwili, na ni ule wa nje wa wayo, ambao haupendi kuunga. Alipelekwa Kigali kutiwa skrubu. Bahasha ya kwanza alikuwa nayo mkononi. "Mama, ulisema hakuna kitu," aliniambia, bila hasira yoyote, na kwa kuwa hakuwa na hasira sikupata pa kujitetea. Leo anatembea vizuri. Hakukimbia tena.

Mzee Faustin alikuwa ameshastaafu, anaishi Rubona. Nilimwendea na filamu zote mbili, nikitumaini atasema mashine ni ya zamani. Aliishika ile ya kwanza juu, akaigeuza, akarudi kuitazama upande wa pili. "Picha haikudanganya," akasema. "We njo ulisema kupita picha."

Tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu. Mkimbiaji anayeumwa mahali pamoja panapofunikwa na kidole gumba, filamu yake ikiwa safi, haondoki na filamu tupu. Pembeni niliandika kwa kalamu nyeupe: BADO. USIKIMBIE. RUDI TAREHE FULANI. Daktari mmoja kijana alinikumbusha kwamba kazi yangu ni kupiga na kazi yake ni kusoma. Nilimjibu kwamba sijasoma chochote, nimeandika tarehe tu. Aliguna. Baada ya miezi michache akaniomba kalamu.

Lakini mji wetu una tabia yake, na sikuihesabu. Hapa watu huvuka kwenda Goma na kurudi kila siku, na kila siku wanaonyesha karatasi. Mama anayeuza karoti upande wa pili anajua tangu ujana wake kwamba ukiwa na karatasi safi unapita, na isipokuwa safi unatafuta nyingine. Filamu ya eksirei nayo waliichukulia hivyo hivyo. Hawakuiona kama habari ya mfupa. Waliiona kama kibali.

Ndipo akaja Espérance.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, anatoka mtaa wa Mbugangari, mwembamba hata soksi zilimteremka. Alifuatana na mama yake, yule muuza karoti niliyekuwa nikimsikia sokoni kabla ya kumwona. Mama alieleza yote yeye mwenyewe: klabu moja ya Kigali inachukua wasichana watatu, inawapa malazi na kuwasomesha, majaribio ni baada ya wiki mbili na nusu, na kocha anasema Espérance ni miongoni mwa hao watatu. Mguu unauma kidogo tu. Espérance aliitikia kwa kichwa kila mama aliposema "kidogo".

Nilimwomba mama atupishe. Nilipapasa. Kwenye mfupa wa tatu wa wayo, Espérance alishika ukingo wa meza na kutazama dari. Nikamuuliza tangu lini ameongeza mbio. Tangu aliposikia habari za klabu: zamani alikimbia mara nne kwa wiki, sasa kila siku, na siku nyingine mara mbili. Nikamuuliza anakula nini kabla. Chai. Nikamuuliza kama anaona siku zake. Akaniambia hajaziona miezi minne, na alifikiri ni baraka, kwa sababu zinasumbua mazoezini.

Vijana wangu, hasa nyinyi wa kiume mnaoona haya: ulizeni. Kama huwezi, muite muuguzi wa kike aulize. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo hukosa siku zake, na mifupa yake hudhoofika pamoja nazo. Swali hilo moja liliniambia mengi kuliko mashine yote.

Filamu ilikuwa safi. Niliandika BADO, nikaweka tarehe ya wiki ya tatu, ambayo iliangukia siku nne baada ya majaribio. Nilimwita mama, nikawaeleza wote wawili taratibu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya maandishi.

"Mama Radio," akaniita, kwa jina ambalo mji mzima ulinipa, maana hapa eksirei huitwa radio, "picha iko muzuri, sivyo?"

Nikamwambia picha haionyeshi kitu bado.

"Bon. Kama haionyeshi kitu, sasa futa hii neno."

Nilikataa. Alijaribu mwenyewe kwa mate na kona ya kitenge chake, mbele yangu, bila kuona aibu. Kalamu ilikuwa nzuri. Waliondoka, na Espérance peke yake ndiye aliyeaga.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikitembea kando ya ziwa, nikielekea kumsalimu Mzee Faustin, nikaona kundi la wakimbiaji linanijia. Wa nne alikuwa Espérance. Alikuwa akiukanyagia mguu wa kulia ukingoni, kama mtu anayepita juu ya mawe ya moto. Nilisimama katikati ya njia. Kocha Bosco, mtu mkubwa mwenye filimbi na kofia, alikuja nyuma yao na pikipiki, akasimama kwa sababu nisingesogea.

Nilimuuliza kama hakuona filamu. Alisema ameiona, tena anayo. Akafungua begi lake na kutoa filamu, akaiinua kuelekea juani. Kibanio hakikuwepo. Maandishi hayakuwepo. Mama yake Espérance alikuwa amemvusha binti kwenda Goma, kwa dada yake, na huko wakapigwa eksirei nyingine, ambayo nayo ilikuwa safi. Wale wa Goma hawakukosea lolote. Walipiga mguu wakapata mfupa usioonyesha kitu, kama mimi.

"Ya kwako iko na maandishi," kocha alisema. "Hii haina. Donc, hii njo tunafuata."

Wasichana walisimama wakisikiliza, mikono kiunoni. Ningeweza kumweleza habari za ufa na ukungu, na angenisikiliza kama watu wanavyosikiliza mahubiri. Nilimwomba afanye jambo moja tu. Espérance aketi ukutani, avue viatu vyote viwili, afumbe macho. Kocha mwenyewe abonyeze kila mfupa kwa kidole gumba, mguu usiouma kwanza.

Alibonyeza mguu wa kushoto. Espérance alicheka, alikuwa na mtekenyo. Alibonyeza wa kulia: mfupa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kidole hakijakaa vizuri, mguu uliruka ukampiga kidevuni, kofia ikaangukia upande wa ziwa. Msichana mmoja nyuma akasema, "Yewe, kocha anapigwa na mugonjwa." Hakuna aliyefika majini kuichukua kofia.

Kocha alibaki amechuchumaa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba zimebaki wiki mbili kufikia majaribio, na kwamba msichana huyu akikosa, hajui kama klabu itarudi. Nilijua hasemi uongo. Nilianza kumjibu, Espérance akatukatiza.

"Mutaongea mpaka lini? Mguu ni yangu. Mi njo nitachagua."

Akanigeukia. "Na kama we umekosea?"

Nilimwambia ukweli. Nikiwa nimekosea, nitakuwa nimemnyang'anya majaribio yake, na ana haki ya kunichukia, nami nitakiri mbele ya timu yote. Nikiwa sijakosea na akikimbia, mfupa unaweza kukatika kama wa Innocent. Nikamsimulia Innocent, pamoja na neno langu la "hakuna kitu". Sikuahidi kwamba akipumzika atashinda mwaka mwingine. Kuna wakati mtu hutamani kuahidi, na huo ndio wakati wa kufunga mdomo.

Espérance akavaa kiatu cha kushoto, akakifunga vizuri, cha kulia akakishika mkononi, na kumwambia kocha ampeleke nyumbani na pikipiki.

Majaribio yalifanyika bila yeye. Walichukuliwa wasichana watatu, mmoja wao kutoka timu hiyohiyo, ambaye Espérance alikuwa amemshinda kila wiki. Mama yake alinipita njiani na beseni la karoti kichwani, akatazama ziwa. Wanawake wa sokoni waliacha kunichagulia nyanya nzuri. Tarehe niliyoandika ilifika, nilisubiri, sikumwona. Nilisubiri siku tatu nyingine. Siku ya nne, baada ya kazi, nilikwenda Mbugangari.

Mama alifungua mlango nusu. "Umekuja kuangalia nini? Ulishakula nafasi ya mutoto."

Nikamwambia nimekuja kumalizia kazi. Filamu ya wiki ya tatu ndiyo itakayosema nani amekosea. Ikiwa safi na mguu hauumi, nitakwenda naye kwa kocha na kusema mbele ya wasichana kwamba nilikosea. Nilisema hivyo nikiwa sina uhakika. Nilijua kwamba mara chache hata wiki ya tatu filamu hubaki kimya, na mashine za kuona zaidi ziko mbali. Mama aliniangalia kama anayepima karoti za mtu mwingine. Kesho yake walikuja wote wawili, kabla sijafungua chumba.

Nilibandika kibanio. Nilipiga kutoka juu, nikapiga kwa mshazari. Filamu ilipokauka niliitundika kwenye kioo cha taa. Nilitoka nikamwita mama, na daktari pia, yule wa kalamu. Kando ya mfupa wa tatu, sambamba kabisa na kibanio, palikuwa na ukungu mweupe umeuzunguka mfupa kama uzi uliofungwa kwenye mpini uliopasuka. Daktari akasema kwamba ni ufa wa mfupa uliochoka, na kwamba unaunga. Nilimwacha aseme yeye. Ndiyo kazi yake.

Mama alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akauliza kile cheupe kimetoka wapi. Nikamwambia mwili wa binti yake umekijenga, katika siku zile walizokuwa wamenikasirikia.

"Peke yake?"

"Peke yake. Ulichohitaji ni kumwacha akae."

Alimtazama Espérance, kisha kioo, kisha Espérance tena. Hakuniomba radhi, na sikuihitaji. Aliniuliza binti anapaswa kula nini, na nikajua tumemaliza kugombana.

Tulimpeleka kwa muuguzi wa lishe. Mama, ambaye alikuwa akitoka kwenda mpakani nyumba nzima ikiwa na chai tu, akaanza kupika maharage na ndizi usiku ili asubuhi viwepo, na maziwa. Espérance alikaa wiki sita zaidi bila kukimbia. Alianza kwa kutembea, kisha dakika chache za mbio kwa siku moja, siku ya pili mapumziko. Maumivu yakirudi, anarudi hatua nyuma. Hakuruhusiwa kuongeza mbio mpaka siku zake ziliporudi, na zilirudi. Kocha Bosco alikuja Jumatatu moja na kofia mpya, akiwa na wasichana wawili waliokuwa wakificha maumivu. Mmoja alikuwa na ufa, mwingine alikuwa na kiatu kibaya cha mtumba. Hakuuliza tena filamu ipi haina maandishi.

Klabu ilirudi mwaka uliofuata. Siku ya majaribio nilipiga picha za watu wengine wote kwa upole usio wa kawaida, ndivyo nilivyoambiwa baadaye. Hakuna aliyenipigia simu. Siku ya tatu Espérance aliingia chumbani bila karatasi ya daktari, amevaa viatu vya mbio, akasimama mlangoni mpaka mgonjwa aliyekuwa mezani alipotoka.

Nilimuuliza kwanza mguu. Akasema hauumi hata kidogo, na safari hii mama hakuwepo wa kumsemea. Ndipo nikamuuliza mbio. Alikuwa wa nne. Walichukua watatu.

Kwa mara ya kwanza katika chumba kile sikuwa na tarehe ya kuandika. Yeye alikuwa akikaza kamba ya kiatu.

"Bale batatu bananipita mbio, Mama Radio," akasema. "Ni mbio njo imenishinda. Haiko mufupa."

Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda kitu, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akaniaga kwa haraka, kwa sababu kocha alikuwa amewaambia wawe barabarani saa kumi na moja jioni, na ilikuwa imebaki robo saa.